Ritifaa ya Nang'oma

Jina lilikuwepo kwenye orodha, ila ukiligusa, mwenye jina hayupo.

Ndivyo Wekoye alivyomweleza Nyaruai kwenye simu asubuhi ile, kwa sauti ya mtu anayeona haya kusumbua. Wekoye ndiye aliyetunza kumbukumbu za wagonjwa na za maiti katika hospitali ndogo ya binafsi viungani mwa Bumula. Nyaruai yeye alikuwa Kitale, katika ofisi ya ghorofani ambako pamoja na mkubwa wake, Kiragu, walitengeneza mfumo wa kompyuta uliotumiwa na hospitali hiyo na nyingine kadhaa. Kitu kikikwama Bumula, simu hulia Kitale.

"Madam, hiri jina rinanisumbua," Wekoye alisema. "Kuna mama mzee amerara hapa mochari. Famiria imekuja, wanataka kuzika Jumamosi. Sasa nikifinya jina yake, kompyuta inaniambia ati haipo. Na mimi nimetoka kumwona saa hii, kwa macho yangu."

"Anaitwa nani?"

"Nang'oma. Rosaline Nang'oma."

Nyaruai akatabasamu kwa uchovu. Alijua ugonjwa kabla hajamwona mgonjwa.

Kila mtu katika mfumo ule alikuwa na anwani yake ya mtandaoni, na anwani hiyo ilibeba jina lake likiwa limefungiwa kati ya vijialama viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Sasa, kijialama cha kufungia kinafanana kabisa na ritifaa, ile alama ndogo tunayoitia kwenye ng'ombe na kwenye kung'oa. Kompyuta ikisoma Nang'oma, inafika kwenye ritifaa, inadhani jina limeisha, inafunga mlango. NANG inabaki ndani. OMA inaachwa nje inyeshewe. Basi kompyuta inamtafuta mtu anayeitwa Nang, haimpati, na kwa adabu zake zote inajibu: Haipo.

Sehemu hiyo ya mfumo aliiandika Nyaruai mwenyewe, na dawa yake aliijua. Ni kuiandika ritifaa mara mbili. Ukiiandika moja, unafunga mlango. Ukiandika mbili zikifuatana, kompyuta inazihesabu kuwa moja, inaelewa kwamba ni sehemu ya jina, inapita nayo. Lakini kurekebisha hivyo kulitaka kupitia kila pembe ya mfumo, na mgongo wake ulikuwa unamuuma. Alikuwa na mimba iliyoanza kumlemea. Ya kwanza ilitoka ikiwa changa, na hakuna aliyeitaja tena nyumbani. Hii ya pili aliilinda kama mboni ya jicho, akitembea kwa hadhari hata sakafuni pakavu. Mumewe, Muigai, alikuwa Lwakhakha na biashara zake za mpakani, kwa hiyo siku nyingi Nyaruai alilala kwa mama yake mtaani Matisi.

"Toa hizo vialama zote bana, tumalize," Kiragu alisema akipita na kikombe chake cha chai. "Nani anajali? Ng'ombe ni ng'ombe ata ukiiandika vibaya."

Nyaruai akazitoa. Amri moja, na ritifaa zote zikafutika kwenye orodha nzima. Jina likasomeka NANGOMA, na karatasi ya kuchukulia mwili ikachapwa Bumula bila ubishi.

Dakika chache baadaye Wekoye akapiga tena. "Madam, asante. Rakini hii imekuwa jina ingine. Nangoma si mtu wa hapa."

"Ni alama tu, Wekoye. Familia si wanajua jina lao?"

"Wanajua. Ni vire kwetu mtu anaenda na jina yake. Sawa tu, madam."

Waliosema mdharau mwiba mguu huota tende walikuwa wanazungumzia miiba. Hawakujua kwamba siku moja watu wangedharau kitu kidogo kuliko mwiba.

Jumamosi wakazika. Fundi wa msalaba alinakili jina kutoka kwenye ile karatasi. Katekista naye, ambaye hakuwa mzaliwa wa hapo, akalisoma kwenye karatasi hiyohiyo, akamkabidhi ardhini Rosaline Nangoma. Watu waliguna, lakini nani atamkatiza mtumishi wa Mungu kaburini? Wakatupa udongo, wakaenda kula.

Wiki iliyofuata Wekoye akapiga simu, na safari hii hakusema asante.

"Yure mama bado yuko, madam. Mashine inasema yuko kwa droo. Droo nimefungua, haina mtu. Nikijaribu kumtoa kwa orodha, inasema haipo. Sasa yuko ama hayuko?"

Nyaruai akafungua mfumo, akaona alichokifanya. Kumbukumbu za marehemu zilikuwa zimefungwa zisiguswe na mtu, kwa hiyo amri yake ilibadilisha orodha ya nje tu. Jina la nje lilikuwa halina ritifaa. La ndani lilikuwa nayo bado. Hayakukutana tena. Ukimtafuta kwa jina la nje, hayupo. Ukimtafuta kwa jina lake la kweli, mlango unafungwa katikati yake. Haonekani, wala hafutiki.

Kilichomshtua kilikuwa kingine. Mfumo huandika kila anayeuomba kitu, na alichoomba. Alipotazama maombi ya siku zile, aliona jina moja likiombwa mara nyingi hata akashindwa kuzihesabu: NANG. NANG. NANG. Halikuombwa na Bumula. Kila ombi lilikuwa limetoka kwenye laptopu iliyokuwa mbele yake, hata Jumapili, wakati laptopu ilikuwa imezimwa ndani ya mkoba, mkoba ukiwa juu ya kabati la mama yake, na yeye akiwa kanisani.

Akaifunga. Ndipo harufu ikamjia: udongo mbichi, na juu yake samli ya kienyeji iliyoanza kuchacha. Akatazama chini ya meza. Hakukuwa na kitu.

Nyumbani Matisi, mama yake, Mary Ann, alikuwa akiosha vyombo nje ya mlango wa jikoni jua likiwa bado juu. Nyaruai alikaa kwenye kiti cha plastiki, akazungumza na Wekoye kwenye simu.

"Hebu nisomee vile imeandikwa kwa msalaba," alisema. "Nangoma? N, A, N, G, O... Nangoma. Sawa."

Sufuria ikaanguka kwenye saruji.

"Ngai fafa! Wewe kairitu, msichana wewe, unaita nini kwangu?"

"Ni jina la mtu, Mami. Mteja."

"Hakuna mtu anaitwa hivyo." Mary Ann alifuta mikono kwenye leso, akasogea karibu, akashusha sauti kana kwamba majirani walikuwa wameegemea ukuta. "Wewe ni Mkikuyu ama nini? Na ngoma. Unajua ngoma ni nini. Ni wafu wenye hawajalala. Unakaa hapa na mtoto tumboni, unasema na ngoma, na ngoma, kama mtu anaita kuku!"

Nyaruai alijua. Mswahili akisikia ngoma atatafuta pa kuchezea, lakini katika lugha ya mama yake neno hilo halichezewi. Hakuwa ameliona, kwa maana alilitazama kwa macho ya kazi. Alikuwa amechukua jina la bibi wa watu, akalitoa mwiba mmoja, na kilichobaki kilikuwa kinaita mizimu.

"Kuna mtu amekuita siku hizi na hukumwona?" mama yake aliuliza.

"Hapana."

"Ukiitwa mara moja, usiitike. Unanisikia? Mtu huita mara mbili. Ngoma huita mara moja, haijui ya pili. Nyanya yako alikuwa anatuambia, na mimi nakuambia wewe."

Nyaruai alitaka kucheka, na labda angecheka. Lakini jioni hiyo, akianua nguo kwenye kamba kabla ya jua kutua, alisikia jina lake likiitwa kutoka nyuma ya shuka iliyoloa.

"Nyaruai."

Mara moja. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye subira, kama ya mtu aliyebisha hodi na anajua wenyeji wamo. Akasubiri ya pili huku amebana vibanio mdomoni. Haikuja. Alipoivuta shuka, nyuma yake palikuwa na ukuta na harufu ya samli, na mtoto tumboni, aliyekuwa akicheza tangu mchana, akanyamaza. Nyaruai aliogopa waziwazi, kama mtoto mdogo, akaziacha nguo kambani.

Aliporudi kazini alijaribu kuirekebisha ile kumbukumbu, na kila mara mfumo ulimkatalia. Alibandika jina, likakatwa. Alijaribu njia za mzunguko alizozijua, zikaishia kwenye neno lilelile, Haipo. Ile njia ya kweli, ya ritifaa mbili, ilitaka afanye kazi kwenye kompyuta ya hospitali yenyewe, kwa kuwa kumbukumbu za wafu hazikuruhusu mkono wa mbali. Akajiambia ataenda Bumula Alhamisi.

Jumatano hiyo mvua ya mawe ilishuka Kitale alasiri, ile inayopiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Kiragu alikuwa ametoka kupeleka mashine kwa mteja. Stima ikapotea. Ofisi ikawa na mwanga wa kijivu tu, na mwanga wa laptopu iliyokuwa ikila betri yake. Nyaruai akaamua kushuka kwa mwenye duka la chini akakae na watu. Alifika kwenye mlango wa vyuma, akasukuma komeo. Halikusogea. Akasukuma kwa mikono miwili. Halikusogea, na vyuma vilikuwa baridi kama vimetolewa kwenye friji.

Akasikia mguu ngazini. Mguu mmoja. Ulipiga, ukanyamaza kwa muda ambao mguu wa pili ulipaswa kupiga, kisha ukapiga tena, juu zaidi. Harufu ikatangulia.

Alitaka kurudi nyuma lakini miguu yake ilikuwa imeamua kivyake, akabaki ameshika vyuma, akitazama pale ngazi zinapopinda, na pale pakatokea bega, kisha nusu ya kilemba cha rangi ya kahawa, kisha jicho moja lenye ukungu wa uzee na nusu ya mdomo, na Nyaruai akangoja upande wa pili utokee kwenye pembe ya ukuta kama mtu yeyote anavyotokea, lakini yule mama alipiga ule mguu wake akafika katikati ya ngazi, mahali ambapo hakuna ukuta wa kumficha mtu, na upande wa pili haukutokea, haukuwepo, palikuwa na ngazi tupu na mvua ikionekana dirishani mahali ambapo bega la pili lingekuwa, na nusu ile ya mdomo ikafunguka, na nyuma ya Nyaruai, mezani, bila mtu kuigusa, laptopu ikaanza kulia kila ombi lilipoingia, likafuatwa na jingine, na jingine.

"Nyaruai."

Aliuma mkono wake mpaka akaonja damu. Alimwomba Mungu kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa maneno yasiyo ya lugha yoyote, na kitu pekee alichokikataa ni kuitika, ingawa ulimi wake ulikuwa umeshajiandaa, kwa maana alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mtu mzima huitika. Jicho moja lilishuka kutoka usoni mwake hadi tumboni. Likakaa hapo. Ndani, mtoto akawa mzito kama jiwe la kusagia, na maumivu yakamzunguka kiunoni yakakaza.

Alipofumbua macho alimkuta Kiragu amempigia magoti, amelowa, akimpigapiga mashavuni. "Nyaru! We, si useme kitu! Nini mbaya?"

"Mlango ulikataa," alinong'ona.

"Mlango gani? Ulikuwa wazi. Nimeingia tu." Kiragu akageuka kutazama ngazi, na uso wake ukabadilika. Ngazi zilikuwa na udongo mwekundu uliolowa, nyayo za mguu wa kulia, kuanzia chini hadi kwenye vyuma. Za kushuka hazikuwepo.

Hospitalini Kitale, daktari alimwambia moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga polepole kuliko inavyotakiwa, alale kitandani, na ukizidi kupungua atapasuliwa. Nyaruai alilia. Hakulilia nyayo wala yule mama. Alilia kwa kuwa alishawahi kusikia daktari akiongea kwa sauti ile ya upole, na safari ile alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Kesho twende Bumula," alimwambia mama yake.

"Umeambiwa ulale."

"Mami, nikilala, yule mzee atamfuata mtoto hapahapa kitandani."

Mary Ann alimtazama binti yake, akavaa viatu vya kanisani, akaenda kwa jirani kuomba gari.

Wekoye aliwapokea nje ya hospitali Bumula. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, na alipoona tumbo la Nyaruai akavua kofia. Pamoja naye alikuwepo mama mzee aliyeketi kwenye benchi la wagonjwa kama mwenye benchi.

"Huyu ni Kukhu Phelista," Wekoye alisema. "Bibi yetu. Mtoto akizariwa na akiria bila kunyamaza, yeye ndiye anaurizwa ni marehemu gani anataka mtoto apewe jina yake. Watu wanamwita mganga, rakini anasari kanisa yetu."

Phelista hakumsalimia Nyaruai kwanza. Aliweka kiganja juu ya tumbo lake, akasikiliza kwa mkono.

"Alikuita?"

"Mara mbili nimemsikia, Kukhu. Lakini kila akija anaita mara moja tu."

"Uliitika?"

"Hapana."

Mary Ann akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Kitale. Phelista akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ni vizuri. Mwenye kuitika ndiye anatoa nafasi. Ungeitika, saa hii tungekuwa tunaongea mambo mengine."

"Ni jini, mama?" Mary Ann aliuliza kwa kunong'ona.

"Wengine watasema jini. Mimi nilimjua huyu, tulichota maji pamoja. Ni mtu amekwama. Waliita jina yenye si yake, wakasema ingia. Nusu ikaingia. Nusu ikauliza, kwani ni mimi wameita?" Akamtazama Nyaruai bila hasira, na hilo lilimuuma zaidi ya hasira. "Nusu yenye iko nje inatafuta nyumba. Na wewe ndio ulishika jina yake mwisho, na uko na nyumba ndogo hapo tumboni yenye haijapewa jina."

"Naweza kurudisha?"

"Irudishe kwenye uliharibia. Kwanza kwa mashine, kisha kwa msalaba, kisha kwa mdomo."

Wakaingia kwenye chumba cha kumbukumbu, jua la mchana likiwaka dirishani na mlango wa mochari ukionekana upande wa pili wa ua. Nyaruai akaketi kwenye kiti cha Wekoye. Akaandika NANG. Akaweka ritifaa. Akasimama.

"Kama nikiiacha moja, inafunga mlango," alisema, hajui anamweleza nani. "Lazima ziwe mbili. Zikiwa mbili, mashine inajua ni jina la mtu."

Phelista akacheka kidogo, cheko la mtu aliyesikia habari za nyumbani ugenini. "Basi hiyo mashine ina akili. Na sisi ni hivyo. Mtu humwiti mara moja."

Nyaruai akaongeza ritifaa ya pili, akamalizia OMA, akabonyeza.

Mashine ikafikiri. Laptopu yake, iliyokuwa mkobani imezimwa, ikalia mara moja ndani ya kitambaa, na Mary Ann akaanza kusali kwa sauti ya chini. Kisha ukurasa ukafunguka. Rosaline Nang'oma, mkulima, mjane. Hali: anasubiri.

Aliposoma hilo neno alipatwa na huruma ambayo hakuitarajia. Muda wote huo yule mama alikuwa anasubiri tu. Akabadilisha, akaandika: amechukuliwa. Orodha ikakubali. Halafu, kwa kuwa hakutaka kumfanyia mtu mwingine yeyote hivyo maishani mwake, akakaa pale na mgongo wake unaouma akarekebisha mfumo mzima, akaufundisha kwamba popote pale, kuanzia siku hiyo, ukikuta ritifaa moja uifanye mbili. Akairudishia orodha nzima alama zake. Akamaliza akiwa amelowa jasho.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Wekoye alichovya ncha ya kijiti kwenye rangi nyeusi, akaweka doa dogo juu ya msalaba, baada ya G, akalivuta kidogo likapata mkia. Alifanya hivyo kwa uangalifu mwingi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Phelista akasimama upande wa miguu.

"Nang'oma," akaita.

Migomba ilikuwa inapigwa na upepo. Akangoja upepo umalize.

"Nang'oma. Hii ndiyo jina yako. Yote ni yako. Ingia na miguu miwili."

Harufu ya samli ikapita katikati yao, nzito kiasi kwamba Mary Ann alifunika pua, ikaenda upande wa kaburi, ikaisha. Majani ya migomba yakatulia. Na Nyaruai, aliyekuwa ameegemea bega la Wekoye, akapiga ukelele mdogo, akashika tumbo.

"Amepiga teke," alisema, akicheka na kulia. "Mami, amepiga teke!"

Kitale, daktari alisikiliza moyo wa mtoto, akasikiliza tena, akasema hana la kusema ila kumshukuru Mungu. Kiragu alisugua zile ngazi mwenyewe kwa sabuni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akisema ng'ombe ni ng'ombe. Kwenye mfumo, maombi yale hayakuonekana tena. Muigai alirudi kutoka Lwakhakha na kitenge cha kumbebea mtoto. Katika nyumba ya Matisi watu walianza tena kuongea kwa sauti zao za kawaida, na wakakubaliana kwamba akiwa msichana ataitwa Nduta, jina la mama yake Muigai, ndivyo desturi inavyotaka.

Nyaruai alikuwa amebakiza siku chache. Asubuhi moja aliketi chumbani akikunja nguo ndogondogo, jua limeingia hadi kitandani. Muigai alikuwa ametoka. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kitu kikaangoni, na alijua mama yake anatayarisha kitunguu.

"Nyaruai," mama yake akaita.

Akainua kichwa. Hata sasa, baada ya yote hayo, alijizuia. Ilikuwa sauti ya mama yake kabisa, na kile kikohozi chake kidogo cha asubuhi, lakini alijizuia akangoja, kijisoksi mkononi.

"Nyaruai."

Mara mbili. Akacheka woga wake mwenyewe.

"Ee, Mami! Nakuja!"

Lango la nje likagonga. Kupitia dirishani alimwona Mary Ann akiingia uani na maziwa ya dukani, leso begani, akipepesuka kidogo kwa uzito wa kikapu. Akasimama katikati ya ua, akatazama dirisha la binti yake.

"Unaongea na nani?" aliuliza.

Harufu iliyokuwa ikitoka jikoni haikuwa ya kitunguu. Ilikuwa ya samli. Nyaruai akakumbuka alichoufundisha mfumo kwa mkono wake mwenyewe kule Bumula: ukikuta moja, uifanye mbili. Akaweka mikono miwili tumboni, akasikiliza, na mtoto, ambaye asubuhi yote alikuwa akijinyoosha na kupiga mateke ovyo, alikuwa ametulia tuli.

Kisha kutoka ndani ya tumbo lake, polepole, kwa adabu, ikapigwa hodi. Akangoja. Ikapigwa ya pili.